Mkono wa Kushoto wa Mwanamvua Singano

Mkono wangu wa kushoto uliletwa Kwasemboza siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, ndani ya sanduku jeupe lenye kidirisha cha kioo. Niliupokea mimi mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Taratibu, dada," akasema Bwana Semkiwa, mpimaji wa Mfuko wa Viungo. "Humo ndani kuna kitu hai."

Nililiweka sanduku juu ya meza ya zahanati, kando ya kitanda alicholazwa rafiki yangu Mwasiti Hizza. Kisiki cha mkono wake wa kushoto kilivalishwa kofia ya plastiki, ile wanayoiita kofia ya neva. Kwenye kadi iliyoning'inizwa kitandani paliandikwa Mwanamvua Singano. Hilo ni jina langu mimi. Yeye alikuwa amelala kwa jina langu kwa siku thelathini na nane, na mimi nilikuwa nikienda kazini kwa jina lake, tukitaniana kwamba mmoja wetu akifa itabidi tukumbushane nani kafa.

Bwana Semkiwa alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu. Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama Mwanamvua," akamwambia Mwasiti, "baba yangu alipoteza mkono kiwandani. Sheria ya zamani ilimpa asilimia. Kidole gumba asilimia yake, cha shahada asilimia yake, na alisubiri miaka tisa. Leo Bunge limesema mkono ulipwe kwa mkono. Tazama basi."

Mwasiti akainua kichwa. Nikainama na mimi nitazame. Ulikuwa mkono safi, hauna sugu wala kovu, vidole vinacheza kidogo ndani ya maji yake. Kidole cha mwisho kilipinda kuelekea ndani. Kidole kile ni cha mama yangu. Mimi ninacho, kaka yangu Shehoza anacho, na Mwasiti hana.

"Mmeuotesha kutokana na nini?" nikauliza. "Si ile nyama nesi aliyokwangua kwenye kisiki?"

"Ah wapi! Ile ilikuwa ya kupimia usaha tu. Kwenye kitalu cha viungo hatutumii nyama ya jeraha, watu wangeleta majeraha ya shangazi zao. Tunatumia tone la damu alilotoa siku ya kuvalishwa kikuku. Kwa hiyo huu ni wake yeye mwenyewe, hakuna mwili mwingine duniani utakaoukubali. Mwili mwingine ungeutapika ndani ya wiki moja."

Mwasiti akanitazama. Sikuwa na pa kuyapeleka macho.

"Fundi atafika keshokutwa kuuunga," akaendelea Bwana Semkiwa. "Tusichelewe. Kofia ya neva inashikilia siku mia moja. Zikipita, neva zimelala, hata tukikuletea mikono kumi haitashika."

Akafunga mkoba, akatuaga kwa adabu, akaenda kunywa chai kwa meneja.

"Shoga," akasema Mwasiti. "Kumbe wiki zote hizi tumekuotesha wewe."

* * *

Nisije nikaonekana mwizi kabla sijajieleza. Kila mfanyakazi wa shamba la mkonge, kama wa kiwanda na wa mgodi, amevaa kikuku cha Mfuko mkono wa kulia. Unavalishwa siku ya kwanza ya kazi, wanachukua tone la damu, basi. Kikuku hakivuliwi. Kinasikia joto la mwili na mshtuko wa neva. Ukiumia, kinapeleka taarifa chenyewe, hakuna meneja wa kuficha, hakuna daktari wa kuhongwa. Kikipoa kwa kadiri ya kuhesabu moja hadi nne, kinakufa. Gharama za viungo zinalipwa na mashine: kila saa mashine inayozunguka, tozo inakwenda Mfukoni. Hayo yote ni mazuri, na nilipokuwa msichana baba alikuwa akiyasikia redioni huku analia, maana yeye alibaki na vidole sita.

Sasa njoo kwenye ubaya wake. Ili upate kiungo lazima uwe na siku mia tatu za kazi mfululizo, ukiondoa siku yako ya mapumziko ya kila wiki. Ukikosa siku moja, unaanza na moja, hata ungekuwa na elfu. Ruhusa ya msiba ipo, Bunge halina roho mbaya; iombwe tu siku saba kabla. Mama yangu hakuwa na adabu ya kunijulisha wiki moja kabla. Alikufa Alhamisi alfajiri, mimi nikiwa na siku mia nne na kumi na mbili.

Kwasemboza tuna desturi yetu, tunaiita kukaimiana. Mwenye msiba anamwendea mwenzake aliye mapumzikoni. Mnapaka sabuni ya kipande mikononi mpaka kwenye kiwiko, mnaweka ngumi kwa ngumi, vifundo vinagusana, na kikuku kinateleza kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kuonja hewa. Kisha mnafanya vilevile kwa cha pili. Wahandisi wa Mfuko walifikiria nyundo, misumeno, sumaku na barafu. Hawakufikiria wanawake wawili waliosimama uani na sabuni.

Mwasiti ndiye aliyenifuata, sikumwita. Alikuja na sabuni yake mkononi.

"Nenda kamzike mama," akaniambia. "Korona nitailisha mimi. Ina ugumu gani?"

Korona ni ile mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka ibaki singa tupu, zile nyuzi zake. Kuilisha unatumia mkono wa kushoto kusukuma na wa kulia kupanga. Mwasiti amefanya kazi hiyo miaka tisa, hakuwa mgeni nayo. Lakini siku ile mkanda ulikatika ukampiga begani, akaanguka mbele. Sisi tulikuwa tunashusha jeneza. Nilirudi na udongo wa kaburi bado kwenye kucha, nikaambiwa mkono wangu umekwenda.

Kikuku kilikwisha kupeleka taarifa: Mwanamvua Singano, mkono wa kushoto, kifundoni. Nesi akaandika alichokisoma. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikusema. Nilijiambia atapata mkono, jina ni kitu gani? Mwasiti ndiye msusi wetu. Kila Jumapili nusu ya wanawake wa shamba walikaa kati ya magoti yake, akawasuka huku akiwachamba waume zao. Nilitaka arudishiwe mkono, basi, uje kwa jina lolote.

* * *

Tulikutana jioni ileile kwenye banda la brashi, zinakosafishwa singa, mashine zikiwa zimezimwa. Aliyeongoza ni Chausiku Mbelwa, katibu wa tawi la chama chetu, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona. Yeye mwenyewe analisha korona namba mbili. Aliikariri sheria kuliko wanasheria, na aliipenda, maana alitembea kwa miguu kwenda kuidai wakati wengine tulikuwa tunasubiri tuletewe.

"Nawaeleza mara moja, msinirudishe nyuma," akasema. "Wenye mashine walikataa tozo miaka mitatu. Walipokubali, walidai kitu. Wakapewa kifungu cha arobaini na moja. Kwamba vikuku vikigundulika vimebadilishwa, shamba zima linatolewa kwenye Mfuko siku mia tatu. Si aliyebadilisha peke yake. Shamba zima, watu mia sita na arobaini. Mnanisikia?"

Tulimsikia.

"Mwanamvua akisema ukweli, Mwasiti atapata mkono wake. Siku zake zimetimia na ajali ilitokea kabla ya adhabu. Hilo sifichi, sitaki mtu aje aseme Chausiku alificha. Lakini kuanzia siku hiyo, akiumia mwingine yeyote humu ndani, hana kitu. Hana mkono, hana hata ile asilimia ya zamani, maana tuliifuta wenyewe kwa shangwe."

"Na asiposema?" mtu akauliza.

"Asiposema, Mwasiti anaukataa ule mkono. Fomu ya kukataa ipo. Aseme anaogopa, aseme mume hataki. Wanauteketeza, mambo yanaisha. Na sisi tunambeba Mwasiti. Kulima tutamlimia, kuni tutamkatia, maji tutamchotea, mpaka azeeke."

Mwasiti alikaa kwenye robota la singa, kisiki amekificha ndani ya khanga. Chausiku akamgeukia, na sauti yake ikashuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mdogo wangu, nakuomba. Sikulazimishi."

"Nimeshasema sawa," akasema Mwasiti. "Mimi nilikwenda na sabuni yangu. Tena nitapumzika na vichwa vyenu vyenye mba."

Watu wakacheka, wengine wakifuta macho. Chausiku akaomba wanaokubali wainue mikono. Kaka yangu Shehoza, ambaye pia analisha korona, aliinua wa kwanza. Mikono ikapanda banda zima, ya kushoto na ya kulia, na mimi nikainua wangu. Naam, niliinua. Nikamtazama Mwasiti, naye alikuwa ameinua wa kulia.

Wakati wa kutoka nilimwona akijaribu kufunga khanga. Alishika ncha moja kwa meno, nyingine akaizungusha, ikateleza. Akarudia, ikateleza tena. Wanawake watatu wakamkimbilia wamfungie. Alisimama katikati yao ameinua kidevu, akawaacha, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa Mwasiti. Aliona haya.

Nilikwenda nyumbani nikakaa. Nilikuwa na hasira na mama kwa kufa siku ile, na Bunge, na yule mwanamke Chausiku kwa kuwa alisema kweli tupu. Kama angedanganya neno moja ningepata pa kushika.

* * *

Alhamisi fundi alikuja, na Bwana Semkiwa pamoja naye. Sanduku likafunguliwa, mkono ukatolewa ukalazwa juu ya kitambaa cha mvuke, tayari. Mwasiti akasema maneno tuliyomfundisha. Kwamba anaogopa, kwamba nyumbani hawataki.

Bwana Semkiwa alikaa kitako taratibu.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita, mama, hajakataa mtu hata mmoja. Nimekuudhi? Kuna aliyekutisha hapa?"

"Hakuna."

"Huu ukiukataa unachomwa. Na hutaoteshewa mwingine. Unaelewa?"

"Naelewa, baba."

Akatoa fomu. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni kama shahidi wa chama. Fomu ilitaka dole gumba la mkono wa kushoto. Ilipigwa chapa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha kwa ajili ya watu waliokatika mkono wa kushoto. Bwana Semkiwa akaona aibu, akakata ile sehemu kwa kalamu, akamwambia atumie wa kulia. Mwasiti akaweka dole kwenye wino. Karatasi ikawa inateleza juu ya meza, hana cha kuishikia. Akaibana kwa kile kisiki chake na kofia yake.

Basi hapo ndipo nilipoishiwa. Sikupanga. Nilisogea mezani nikaulaza mkono wangu wa kushoto kando ya ule mwingine, viganja chini. Ukitoa sugu na lile kovu la panga, ilikuwa sawasawa. Kidole cha mwisho cha kila mkono kimepinda, vyote vinatazama upande uleule.

Fundi akasema, "Loo!"

Bwana Semkiwa alitazama mkono, akatazama mkono, akanitazama mimi, akamtazama Mwasiti. Nikamwona anavyoelewa, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Kisha akavua miwani na kuanza kuifuta kwa shati.

"Mimi bila miwani sioni," akasema polepole. "Na fundi wangu anatoka nje sasa hivi kuvuta sigara. Nitachukua muda kuifuta hii miwani. Nikiivaa, nitaona kilichopo mezani. Umenielewa, dada?"

Fundi akatoka. Bwana Semkiwa akafuta kioo kimoja, akahamia cha pili.

"Mwanamvua," akasema Chausiku kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. "Watu mia sita na arobaini. Toa mkono."

"Shoga, utoe," akasema Mwasiti. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nakuapia sitakuwa na kinyongo."

Nilijua ni kweli, hangekuwa nacho. Nilijua pia kwamba mkono wangu ukitoka pale, nitaamka kila siku nikijifunga khanga. Sikuwafikiria watu mia sita na arobaini, huo ndio ukweli na siufanyi mzuri. Nilimfikiria mmoja.

Bwana Semkiwa akavaa miwani. Mkono wangu ulikuwa palepale.

"Andika," nikamwambia.

* * *

Amri ilifika baada ya siku tano. Vikuku vyote vya Kwasemboza vikazimwa kwa pamoja, saa sita mchana, kazi ikiendelea. Mimi na Mwasiti vyetu vilikatwa kwa mkasi. Shamba likanifukuza, na Mfuko ukanifuta maisha. Nikahamia shamba la mama ng'ambo ya mto, nikalima mahindi. Shehoza aliacha kunisalimu. Wanawake niliosukwa nao Jumapili walipishana nami njiani wakitazama miguu yangu.

Bwana Semkiwa aliniletea sanduku mwenyewe, kwa pikipiki.

"Ni mali yako kisheria," akasema. "Mfuko haumtunzii kiungo asiye mwanachama. Dawa iliyomo itakwisha baada ya miezi mitatu."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Mimi? Nimepandishwa cheo. Nimegundua udanganyifu." Akacheka bila furaha, akapiga teke pikipiki, akaondoka.

Kwa hiyo nikawa mtu pekee mkoa mzima mwenye mkono wa akiba na asiye na kinga yoyote. Nililiweka sanduku chini ya kitanda. Asubuhi nilikuwa nalivuta, nautazama mkono, vidole vinacheza. Wakati mwingine niliuambia habari za mahindi.

Mwasiti alioteshewa mkono wake, kwa jina lake, ukaungwa siku ya themanini na tatu tangu ajali. Ulishika. Alikuja kunionyesha: mweupe kidogo kuliko mwingine, dhaifu, kikombe hakijauzoea. Alisuka nywele zangu siku hiyo, mistari imekwenda kombo kama njia ya ng'ombe, na tukalia na kucheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Lakini Kwasemboza walilisha korona mikono mitupu. Nilihesabu siku zao kwa mkaa ukutani. Kila jioni isiyo na habari nilishukuru. Siku ya themanini ya adhabu habari ikaja. Korona namba mbili, zamu ya asubuhi, vidole viwili vya kushoto, Chausiku Mbelwa.

Sikulala. Na siku ya tatu yake, taa ya sanduku ikawa nyekundu, na vidole vikatulia.

Kiungo hakisaliwi. Kinaviringishwa kitambaa safi, kinazikwa, basi. Nilichimba shimo dogo ubavuni mwa kaburi la mama, upande wa kushoto. Mwasiti alikuja na jembe lake. Hatukumwalika mtu.

Nilikuwa nimeshainama kuuweka nilipoona kivuli. Alikuwa Chausiku, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko, uso umekauka. Kwenye mkono mzima alishika kikopo cha maziwa ya unga.

Nikasimama.

"Dada Chausiku," nikasema. "Mimi ndiye..."

"Ndiye wewe," akasema. "Najua. Sijaja kukusamehe, usijisumbue."

Mwasiti alishika jembe kwa mikono yote miwili, hakujua amtazame nani.

"Nesi alinitunzia kwenye spiriti," akasema Chausiku. Akafungua mfuniko kwa meno. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanitazama, nikaurudisha. Ndani ya kikopo palikuwa na kitambaa kidogo kilichofungwa vizuri. "Kwetu ni mbali, na sitaki kuvizika pale shambani. Nafasi humo ipo?"

Nikausogeza wangu kando.

"Ipo," nikasema.

Akapiga magoti, akaviweka mwenyewe. Kisha Mwasiti akafukia.